Sauti Mbili za Tairi la Kushoto

Kwanza kwi, kama kitanda cha mbao mtu mzito anapogeuka, halafu ko. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango wetu nikichambua maharagwe, na pikapu ya baba ilikuwa bado nyuma ya ukuta wa kanisa, pale mtaro wa maji machafu unapoikata barabara yetu ya Kawangware. Kwi, ikishuka mtaroni. Ko, ikipanda. Kisha pua yake ya bluu iliyochubuka ikatokea konani, na baba nyuma ya usukani ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama anayenong'onezwa jambo asilolitaka.

Aliingia uani, akazima injini, akachuchumaa mbele ya tairi bila kunisalimu.

"Imeanza lini?" nikamuuliza.

"Saa hii. Nimepanda mawe ambayo vijana wamezibia barabara pale steji. Sikuyaona, moshi ulikuwa mwingi."

Siku nyingine yoyote angeipeleka Kibera, Laini Saba, kwa fundi wake, kijana aliyekuwa na banda kando ya reli na ambaye ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuigusa pikapu hiyo. Lakini ilikuwa Januari ile baada ya uchaguzi. Kati yetu na Kibera, mwendo ambao baba alizoea kuumaliza kabla hajamaliza hadithi moja, sasa palikuwa na vijana waliokuuliza jina lako la pili, wajue kabila lako. Sisi ni watu wa Kitui. Wiki ya kwanza tuliambiwa hatuna upande. Wiki iliyofuata tukaambiwa tunao.

Jirani yetu wa mlango wa pili aliambiwa ana upande tangu siku ya kwanza. Alikuwa msusi, mama wa makamo, na mimi nilimwita anti kwa sababu kichwa changu kilikulia mapajani mwake. Jioni iliyotangulia vijana walikuwa wamekuja kumwambia msimamizi wa ploti yetu ya kupanga kwamba mama yule awe amehama kesho yake kabla jua halijatua, la sivyo wangekuja kumhamisha wenyewe. Msimamizi alituletea ujumbe huo akiangalia viatu vyake. Anti alikuwa na dada yake Gatwekera, huko Kibera, ambako jina lake lingekuwa jina tu. Tatizo lilikuwa mguu. Kabla ya Krismasi aliteleza akauvunja, na mguu wa kulia ulikuwa bado umefungwa plasta mpaka gotini. Kwa hiyo baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwabebea maseremala viti na vitanda, alikuwa amemwahidi kumlaza nyuma ya pikapu, amfunike turubai, na juu yake apange viti kama mzigo wa kila siku.

Na sasa gari lilikuwa linagonga.

"Inaweza kuwa bushi," baba alituambia, mimi na anti, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, mguu umenyooshwa mbele. "Hiyo ni mpira tu, italia mpaka mwaka ujao. Ama ni boljoint." Akatuonyesha kwa ngumi moja ndani ya kiganja: hapo ndipo tairi linaposhikwa. Ngumi ikachomoka. "Hii ikitoka, tairi linalala. Gari inakaa hapo hapo."

Hakusema hapo hapo ni wapi. Sote watatu tuliona mawe yale yale.

Aliibonyeza boneti kwa uzito wake wote. Kwi. Akanituma maji ya sabuni, na anti akanikatiza.

"Tumia shampuu yangu, mzee. Wateja wenyewe wako wapi?"

Baba akalala chali mavumbini, akaimimina shampuu ile yenye harufu ya nazi juu ya mpira uliokauka, pale mkono wa chuma unapoungana na mwili wa gari. Akatoka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa kuruka kidogo, mzee mzima wa kanisa, na gari likashuka na kupanda kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

"Ilikuwa inataka saluni," anti akasema, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka jinsi furaha ilivyonijia miguuni, nikakimbia ndani kwake kumfungia vitu: vitana, mafuta, kikaushia nywele, leso mbili, picha ya harusi ya dada yake. Nilifunga fundo kwa nguvu kana kwamba fundo ndilo lililokuwa safari.

Ilibaki kulijaribu barabarani. Kipande ambacho baba angeweza kwenda na kurudi bila kuulizwa kitu kilikuwa kifupi, kuanzia kanisani mpaka kwenye kibanda kilichoungua, na katikati yake palikuwa na tuta moja. Nililala kifudifudi nyuma ya pikapu, sikio limegandamizwa kwenye bati upande wa kushoto, pale pale ambapo anti angelala. Bati lilikuwa la moto na lilinuka vanishi. Tukalipanda tuta. Kwi ilikuwa imekwisha kabisa, na mahali ilipokuwa nikaisikia ile nyingine, peke yake sasa, safi.

Ko.

Baba akageuza. Tukalipanda tena. Ko. Kwenye kibanda kilichoungua walikuwa wamekaa vijana watatu, mmoja na rungu mapajani, na walipotuona mara ya nne wakaanza kufurahi.

"Mzee, unafunza gari kutembea?"

"Na huyo msichana ni mzigo ama ni daktari?"

Baba aliwapungia mkono. Mimi sikuinua uso. Niliendelea kusikiliza, nikiomba sauti ile iwe kopo lililosahauliwa, iwe spana inayobingirika, iwe chochote kinachoweza kuokotwa na kutupwa.

Tuliporudi uani baba alimpigia fundi. Maduka ya kadi za simu yalikuwa yamefungwa na salio lilikuwa la dakika chache tu, kwa hiyo aliweka sauti ya nje ili tusirudie maneno.

"Niaje mzee. Bado uko?"

"Niko. Gari ndiyo sijui. Inagonga mbele kushoto."

"Weka simu kwa tairi nisikie."

Nilipiga magoti nikaiingiza simu chini ya madigadi. Baba akabonyeza boneti.

"Nasikia kuku," fundi akasema.

Niliwafukuza kuku wa msimamizi.

"Sasa nasikia mtu anapumua."

"Ni mimi," nikasema.

"Basi usipumue, siste. Mzee, tena." Baba akabonyeza tena. "Hapana. Kwa simu kila kitu ni bati. Inua na jeki, ushike tairi juu na chini, utingishe. Polepole."

Baba aliinua, akashika, akatingisha. Anti alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amejivuta na kigoda chake mpaka karibu yetu.

"Inacheza," baba akasema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ya nani, mzee? Kama jino la mtoto linataka kutoka, ama kama jino lako?"

Baba akatingisha tena, kisha akanitazama. "Hebu wewe shika." Nikashika. Ndani ya tairi kulikuwa na kitu kilichosogea, kidogo kabisa, kisha kikarudi. Nikashika tena. Sikuweza kujua kama ni chuma kilichosogea au ni mikono yangu, na nikawaambia hivyo.

"Hapo siwezi danganya," fundi akasema. "Hiyo lazima nishike mwenyewe. Inaweza fika Mombasa. Inaweza anguka kwa geti yenu."

"Na wewe huwezi kuja."

"Nije na jina gani, mzee? Hapa reli wameing'oa. Mimi jana nimelala na viatu. Lakini sikia, ukiona grisi mbichi imetoka kwa ule mpira wa..."

Salio likaisha. Tuliinama wote wawili, baba na mimi, tukitafuta grisi mbichi kwenye kila mpira tulioweza kuuona, na kila mahali palikuwa pamelowa shampuu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mapaa. Baba alikaza kila nati iliyokubali kukazwa. Alichukua kipande cha mpira wa tyubu akakizungusha kwenye kile kifundo cha chuma, akakifunga kwa waya, kisha akakaa akikitazama. Hata mimi nilijua uzito wa gari haufungwi kwa waya.

"Mzee," anti akasema. "Ungekuwa peke yako, ungeendesha?"

"Ningeendesha."

"Na mimi nikiwa nyuma?"

Baba aliokota spana, akaipangusa kwa shati lake.

"Basi," anti akasema. Hakuwa na hasira. "Niitie yule wa maji."

Yule wa maji alikuwa na mkokoteni, na aliuza kila mahali kwa sababu kila upande una kiu. Aliusimamisha mkokoteni wake uani, akautazama mguu wenye plasta, kisha akamtazama mwenyewe.

"Mama, wewe ni mitungi mingapi?"

"Beba kwanza. Utahesabu kwa mlima."

Baba alileta turubai. Anti akaikataa, akasema mtu aliyefichwa ana kosa, lakini mgonjwa anaonekana tu kuwa mgonjwa. Plasta ingemsemea kwamba anapelekwa hospitali. Baba akambeba mikononi, akamkalisha kati ya mitungi mitupu, mgongo kwenye furushi nililolifunga. Niliomba niende naye. Nilisema Kiswahili changu hakina kabila. Baba akasema hapana, na anti naye akasema hapana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walikubaliana upesi.

Simu ya anti tuliipiga siku nyingi. Mwanzoni iliita bila kupokewa, baadaye haikuita. Barabara zilipofunguka, fundi alikuja na pikipiki, akaitoa ile boljoint, akaitikisa kiganjani karibu na sikio lake, akaigeuza, akaitikisa tena. Baba alikuwa amesimama juu yake. Alitaka kuambiwa kwamba ingefika, au kwamba isingefika, na nadhani lolote kati ya hayo angeweza kuishi nalo. Fundi akasema, "Hii? Sijui, mzee." Huko Gatwekera dada yake anti alikuwa amehama. Kuna aliyesema walirudi kwao pamoja. Kuna aliyesema ni dada peke yake.

Lakini jioni ile nilichokiona ni mgongo wa mwenye mkokoteni ukiinama, na magurudumu yakikataa kidogo kwenye kizingiti cha geti, na baba akiyasukuma kwa bega mpaka yakavuka. Anti alikuwa ameshaanza kumwelekeza mwenye mkokoteni njia, asipite steji, akunje pale kwa mwuza makaa. Leso ilikuwa imemfunika kichwa na mabega. Tuliendelea kumsikia akieleza.

"Funga," msimamizi akamwambia baba. "Wasione ndani."

Baba akausukuma mlango wa bati, akaufunga.