Kitunguu Kwenye Leso ya Mwalimu

Hii aibu nimeificha tangu muhula uliopita, lakini kwa vile nyinyi ni watu wangu, chekeni tu mmalize.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, nafundisha Kiingereza Gredi ya Tano katika shule moja ya kibinafsi huku Kiamunyi, na mkurugenzi, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa amesema Alhamisi ataketi darasani aone kama nafaa. Nisipofaa narudi Gilgil kuuza viazi na kaka yangu kando ya barabara, na nilikuwa nimeshatangazia kila mtu kwamba kule sirudi. Somo lilikuwa "break down": kwanza gari kuharibika, halafu mtu kulemewa na mambo mpaka akaangua kilio.

Sasa mimi, kwa ujanja wangu, Jumatano nikafanya mazoezi na darasa lote, kila mtoto nikampa jibu lake, hata nikalia kidogo ili wazoee. (Mmoja tu, Chebet, hakuwepo, alikuwa amepelekwa kung'olewa jino.)

Alhamisi mkurugenzi akaketi nyuma na kalamu yake. Nikasukuma kiti kama gari lililozima, na kabla sijauliza chochote mikono yote iko juu na Brayo ameshajibu swali la tatu. Nikaona heri nilie haraka tumalize. Nikajipangusa macho na leso niliyokuwa nimefichia kipande cha kitunguu, na wueh, kile kitunguu hakikuwa na mchezo, machozi, kamasi, kila kitu, sioni ubao, sioni mkurugenzi, napapasa ukuta nikitafuta mlango. Brayo, kwa huruma ya kweli, akasimama.

"Mwalimu, leo umezidisha. Jana ulilia vizuri."

Mkurugenzi akauliza polepole, "Jana?"

Nilitamani ardhi inimeze. Viazi vya Gilgil nilianza kuvisikia harufu pale pale. Ndipo Chebet akainua mkono, akaeleza kwa Kiingereza cha kutafuta maneno kwamba gari ya baba yake ilibreak down ikipeleka keki ya harusi, na shangazi yake, bibi harusi mwenyewe, akabreak down hapo hapo barabarani na gauni lake. Hilo jibu sikuwa nimempa mtu.

Mkurugenzi akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu, huyo peke yake ndiye umemfundisha leo. Jumatatu nakuja tena, na usiwaambie."

Kazi nilipata hiyo Jumatatu, bila mazoezi yoyote. Tangu hapo simpangii mtoto jibu, na kachumbari nakula isiyo na kitunguu.