Mstari wa Ngatia

Mwanasiti hakuzaliwa na jembe mkononi. Baba yake alifika Nyeri akibebea jeshi mizigo, akaoa hapa hapa Majengo, na binti yao alichojua ni kukaanga mandazi ya kuuza stendi. Kulima alifundishwa na jirani, Ngatia, fundi viatu aliyekuwa na kibanda, na kiwanja nyuma yake. Ngatia alikuwa na namna yake. Shimo, majivu kiganja kimoja, mbegu, udongo, kisha anashindilia kwa kisigino. Alisema baba yake alipanda hivyo. Kila shimo lilibaki na alama ya kisigino juu yake.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya wakoloni, lori la askari likamchukua Ngatia, na kibanda chake kikachomwa. Baadaye wengine walirudi kutoka kambi za kizuizini wamebaki mifupa. Yeye hakurudi. Kiwanja kiliota magugu mpaka mwaka wa Uhuru, na sisi majirani tulipita upande wa pili wa njia.

Mwanasiti ndiye aliyeingia. Mume alikuwa amekufa, na watoto walitaka kula. Nikamwambia, "Dada, hiyo ardhi ina mwenyewe."

"Ndiyo maana napiga hodi, Subira," akanijibu.

Na kweli alipiga. Kila asubuhi alisimama penye matoka, yale maua ya mpaka aliyoyapanda Ngatia, akasema hodi kwa sauti, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Tena mstari wa kwanza aliupanda na hakuuvuna. Wa mwenyewe, alisema. Sukuma wiki zikazeeka, maharagwe ya njahi yakakauka kwenye maganda, naye anatazama tu. Nilimcheka mpaka nikachoka.

Msimu wa tatu mstari ule ukaanza kuvunwa, siku za soko, Mwanasiti akiwa stendi. Mwizi tungemwelewa, mwizi anang'oa. Huyu alichuma majani ya chini akaacha kichwa, akachukua njahi iliyokomaa akaacha changa, na kabla ya kuondoka akapalilia mstari mzima. Nikaacha kucheka. Sulemani wa duka akakataa mboga za Mwanasiti, akisema hali chakula alichokigusa maiti. Mwanasiti alikonda kwa hofu, lakini hodi hakuiacha.

"Siku akiitikia nitafanyaje?" aliniuliza.

Ikaja siku ya soko, mvua za kupanda zimeanza, na mandazi yakaisha mapema. Nilimfuata kiwanjani kumrudishia jembe lake. Akasimama penye matoka.

"Hodi."

"Karibu," sauti ikasema.

Jembe likaniponyoka. Pale kwenye mstari alikuwa ameinama bibi kizee, kiondo mgongoni. Akainuka polepole, akatuambia yeye ni Wamucii, mama ya Ngatia, ametoka Wamagana kwa miguu.

"Wewe ndio jirani," akamwambia Mwanasiti. "Kijana yangu anakuja kulima saa ngapi? Mimi nafika, napata ameenda. Niko na chakula yake hapa."

"Mama, nani alikuambia anakuja?"

"Nani ataniambia? Naona mguu yake." Akaonyesha mashimo yaliyopandwa juzi, kila moja na kisigino chake. "Hii ni ya baba yake. Hakuna mtu mwingine anakanyaga hivi. Ananiachia mstari, lakini naona bado anaogopa kuonekana na serikali. Hiyo naelewa."

Nilimbana Mwanasiti mkono. Nilitaka amwache mzee na mwanawe. Uongo kama ule ungemdhuru nani?

Yeye akajitoa mkononi mwangu, akavua ndara, akaokota jembe. Akachimba shimo, akatia mbegu, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Kisha akainua mguu.

"Alinifundisha yeye," akasema, machozi yakimtoka. "Ni mimi siku zote. Nisamehe, mama."

Wamucii alichuchumaa. Akaipima ile alama kwa vidole, akapima na ya pili, na ya tatu.

"Niliona ni ndogo," akasema. "Nikasema kambi imemkondesha."

Hakulia. Alitoa kwenye kiondo viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwa jani la mgomba, akatugawia, akasimama mpaka tukala mbele yake. Kisha akamwambia Mwanasiti, "Hii mstari usiache tena. Vuna. Sasa yote ni yako." Akaenda zake, na siku ya soko iliyofuata hakuja, wala nyingine.

Mwanasiti alikuwa amekitamani kile kiwanja miaka yote. Asubuhi ya pili baada ya bibi kuondoka nilimwona penye matoka, jembe begani, amefungua mdomo. Akaufunga, akaingia bila hodi. Siku hizi haachi tena alama ya kisigino; anashindilia udongo kwa kiganja, amepiga magoti.