Chini Palikuwa Pakavu

Enzi zetu, gari likianza kumaliza maji, mwanamume alivua shati akapiga magoti. Nyinyi wenzangu tuliokulia hapa mjini Baraka mnajua ninachosema. Hawa wa leo sijui kama wana magoti. Wiki iliyopita nilipeleka pikapu yangu, ile ninayopandishia ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, mpaka Fizi, kwa fundi mmoja kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Nikamweleza kwamba kila asubuhi rediata inataka lita mbili. Hakuinama. Aliimulika injini kwa tochi ya simu, akajibu ujumbe wa mtu, akamulika tena, kisha akatoa hukumu.

"Mama, ile maji iko napita ndani. Kilasi imekufa. Tutafungula moteri yote."

Kilasi ni kile kichwa cha injini, kikipasuka maji huvujia ndani yake yasionekane nje, na vijana hawa wanakiua kila siku kwa mdomo tu. Nilimtazama, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa hapa ziwani. Lilipanda Fizi na chumvi na sabuni, likashuka na maharage na muhogo, na jioni lililala uani kwetu likinuka mafuta na vumbi la milimani. Sisi watoto tulicheza ushofere kwa mfuniko wa sufuria. Mmoja alinguruma, mwingine alikuwa utingo wa kupiga kelele kwamba breki hazishiki, na wengine tulikuwa abiria wa kutapika. Leo mtoto anaendesha gari ndani ya simu, amelala chali, na akigonga ukuta anaanza upya. Atajulia wapi kwamba injini iliyoungua haianzi upya?

Kila jioni baba alimwaga mchanga mkavu wa ziwani chini ya lori, akausawazisha kwa kipande cha ubao. Asubuhi, kabla ya chai, hata kabla ya kumsalimia mama, alishuka kusoma mchanga huo. Tone la mbele lilimwambia rediata. La katikati lilimwambia pampu. Likiwa jeusi alilichota kwa kidole, akanusa, akajua kama ni maji au mafuta. Mimi Riziki ndiye niliyekuwa na macho mazuri na mwili mdogo wa kupita chini ya ekseli, kwa hiyo nilipofika darasa la nne alinipa kazi hiyo. Wavulana wa jirani waliona wivu mpaka wakakonda.

Maji yalipopungua na mchanga haukuonyesha kitu, baba hakusema yanapita ndani. Aliomba unga wa muhogo, ule ule wa kusongea bukari, ugali wetu. Aliifuta injini mpaka ikakauka, akapulizia unga kwenye mipira ya maji, kwenye pampu, kwenye kila kiungo, halafu akawasha akasubiri ipate moto, maana kuna tundu ambalo halivuji mpaka maji yachemke. Unga ulipogeuka kijivu, hapo ndipo. Mama alisimama mlangoni na ungo mtupu. "Baba Riziki, moteri yako iko nakula kuliko batoto," alisema, na bado alimletea kibaba kingine.

Na alipopata tundu, alilitibu. Njiani alilisiliba kwa sabuni ya kipande, au alifunga mpira uliopasuka kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, akafika nyumbani polepole. Lakini nyumbani aliitoa sabuni, akalehemu, akajaza maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, akarudia unga kuhakikisha. Mafundi wa leo wanamimina dawa ya chupa. Dawa inaziba tundu, inaziba na mishipa yote ya rediata, gari linachemka, nao wanakuuliza kama kwenu mna mkosi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka ule wa darasa la nne lori lilikuwa limechemka mara mbili mlimani, na tajiri alikuja mwenyewe uani, hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alimwambia baba mbele yetu kwamba likichemka mara ya tatu, ufunguo ataupeleka kwa mpwa wake. Baba aliitika kwa heshima. Usiku huo mchanga aliutandaza mara mbili.

Asubuhi yake mama alikuwa anangoja dada zake kutoka Nundu. Kwa mama, mgeni asikute uwanja haujafagiwa, afadhali akute hakuna chakula. Alinipa ufagio kabla jua halijatoka. Sheria ya baba ilikuwa kwamba chini ya lori hapaguswi mpaka pasomwe. Niliijua kama jina langu. Lakini nilifagia kwa haraka nikiwaza maandazi watakayoleta mama wadogo, ufagio ukapita, na ndipo nilipoona njiti zake zimeshika mchanga mbichi. Doa lilikuwa chini ya pampu, kama ukubwa wa kiganja. Nilikuwa nimeshalifuta nusu. Nililimaliza lote, nikasawazisha mchanga kwa ubao wa baba.

Baba alitoka akifunga vifungo vya shati. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda juu ya magunia.

"Riziki, chini iko namna gani?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Angenikaripia, labda fimbo mbili, kisha angetoa unga na abiria wangenung'unika. Niliogopa fimbo mbili.

"Iko kavu, baba."

Hakuinama kuhakikisha. Alinigusa kichwa, akapanda, akaondoka.

Kwenye mlima wa kuingilia Fizi pampu ilimaliza maji yote, joto likayakausha kabla mtu hajayaona, na injini ikaungua. Jumatatu tajiri alichukua ufunguo. Yule mpwa, kijana wa miwani ya jua hata penye mvua, alipewa lori lililotengenezwa upya, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameliua kabisa. Alikuwa wa kwanza wa kizazi hiki ninachokitukana. Baba hakuendesha tena. Tulihamia Nundu akalima muhogo, na mikono yake ilipoacha kunuka mafuta nilihisi nimeibiwa, ingawa mwizi nilikuwa mimi.

Madereva waliendelea kumfuata shambani kuuliza mambo ya injini. Siku moja mmoja wao alitaka kujua lori lile liliunguaje, ilhali baba alisifika kwa kusoma chini. Nilikuwa karibu, namenya muhogo. Baba alijibu bila kufikiri.

"Mutoto wangu aliangalia, kulikuwa kukavu. Mutoto wangu habongopi. Ile maji ilipita ndani."

Aliwaambia hivyo wote waliokuja, miaka yote, kama somo la mtu mzima kwa wanaojifunza. Alikufa bado analisema. Sikumwambia.

Basi turudi kwa yule wa kofia. Nilimwambia aweke simu mfukoni. Nilitoa unga niliokuwa nao kwenye pikapu, nikafuta injini kwa kitambaa, nikapulizia, nikawasha. Vijana wanne walikuja kucheka, mmoja akarekodi. Baada ya dakika kumi unga ukawa kijivu nyuma, kwenye mpira mdogo uliolegea kifungo. Kicheko kiliisha. Nilikikaza kwa bisibisi yake mwenyewe, na matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, ya kutosha kizazi chake chote.

"Nani alikufundisha kusema maji inapita ndani na hata haujainama?"

Alijikuna kichwa juu ya kofia. Nadhani aliona aibu, kwa sababu alijibu kwa adabu.

"Mama, bakubwa betu bote banasema vile. Ilitoka ku muzee moja wa Nundu, shofere wa zamani. Banasema ule muzee hakukosaka."

Enzi zetu baba aliniamini kwa neno moja, na leo mafundi wa Baraka nzima wanaliamini. Nilipiga magoti nikaingia chini ya pikapu, nikakaa huko muda mrefu, najifanya bado natafuta.