Friji ya Mashua na Chupa Sita za Mama

Mimi ni fundi wa friji wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na wakati ule wa vita nilikuwa na kiburi kingi kuliko vifaa. Nilikuwa na bisibisi tatu, chupa moja ya gesi niliyoibania kweli kweli, na ulimi mkali. Mteja akianza kunieleza friji yake imeharibika wapi, nilikuwa namwambia basi aitengeneze mwenyewe. Mke wangu alisema nitazeeka na wateja wawili, na mmoja wao ni yeye.

Basi nchi jirani zikatuwekea vikwazo, petroli ikaanza kuuzwa kwa vichupa pembeni mwa barabara, na umeme ukawa unakuja kama mgeni. Ndipo akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ametembea kwa miguu kutoka Kinanira. Alisema ana mashua ya tanga, aliyouziwa na mzungu aliyeondoka vita ilipoanza. Alitaka kusafiri nayo hadi Kigoma, yeye na mkewe, wakaishi kwa binti yao. Barabara ya kusini ilikuwa haipitiki bila kuaga watu nyumbani, na boti za mashine hazikuwa na mafuta. Upepo haukuwekewa vikwazo.

"Shida ni mama, muke wangu," akasema. "Iko na sukari. Tumemutafutia dawa miezi mingi, famasi kwa famasi, tumepata chupa sita. Kule sijui kama tutapata zingine. Mu mashua kuko frigo, lakini imekufa."

Chupa sita zilikuwa insulini ya miezi minne. Zikiharibika kwa joto njiani au baada ya kufika, mama hatakuwa na kitu cha kujidunga. Mwalimu aliyasema hayo polepole, kama anayesomea darasa imla, na mimi kwa mara ya kwanza nilimsikiliza mteja hadi mwisho.

Karakanani nilikuwa na mwenzangu, Mkongo aliyekimbia kutoka Uvira, mtu aliyetengeneza mashine za boti tangu ujana wake. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi lakini aliniita "mukubwa" kila siku, kwa kunitania tu, na mimi nilijifanya sijui. Tuliondoka naye hadi ufukweni, tukaingia ndani ya mashua. Friji ilikuwa sanduku dogo chini ya kiti, si kubwa kuliko sanduku la bi harusi, ikitumia betri na paneli moja ya jua juu ya paa. Kompresa yake ilikuwa nzima. Feni ya nyuma ndiyo iliyokufa.

"Kazi ya saa mbili," nikasema. "Tunafunga feni nyingine, tunaenda kula."

Mwenzangu alikuwa ameketi, jasho linamtoka hadi kwenye viwiko. "Apana, mukubwa. Hapa ndani saa saba mutu anaweza pika bugali bila moto. Hiyo feni itatupa joto wapi? Mu joto ingine?"

Hapo ndipo penyewe. Watu wengi hufikiri friji inatengeneza baridi. Haitengenezi kitu. Inachukua joto lililo ndani ya sanduku na kulitoa nje, basi, na nje hiyo lazima iwe kitu kitakacholipokea. Friji ya nyumbani hulitoa kwenye hewa. Mwenzangu alitaka joto la friji ya mashua litolewe kwenye maji: bomba la gesi lipite nje, chini ya mashua, likabidhi joto kwa ziwa.

"We unataka kutoboa mashua ya mutu?" nikamuuliza. "Ikizama na bibi ndani, tutamuambia mwalimu nini?"

"Maji iko na baridi sawa muchana na usiku. Hewa inabadilika."

"Hewa haizamishi mutu!"

Nilishinda kwa kelele, kama kawaida yangu. Nikafunga feni. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri tukaiwasha na kukaa kusubiri. Feni ilivuma vizuri mno, ikavuta hewa moto ya kile chumba na kuirudisha ikiwa moto zaidi. Kompresa haikupumzika hata dakika. Kabla ya alasiri betri ilikuwa imekwisha na ndani ya sanduku mlikuwa vuguvugu. Mwenzangu hakunicheka. Alinipa maji ya kunywa, na hilo liliniuma kuliko kucheka.

Basi tukafanya ya maji. Wavuvi kumi na wawili walituvutia mashua nchi kavu juu ya magogo, huku wakinitukana kwa uzito wake. Hatukutoboa chochote: kulikuwa na tundu la zamani la maji ya choo cha mzungu, na mabomba yetu mawili membamba yalipita hapo hapo, tukaziba kwa lami na dua. Nje, chini kabisa, tulifunga bamba la shaba tuliloliunganisha na bomba kwa kuchomelea. Hakuna pampu wala feni. Ziwa lenyewe ndilo lingefanya kazi.

Mashua iliporudi majini niliiwasha nikiwa nimekunja uso. Kompresa ikanguruma dakika chache, kisha ikanyamaza. Nikaruka. Kwa fundi wa Buyenzi friji iliyonyamaza ni friji iliyokufa.

"Imekufa!"

"Haikufa," akasema mwenzangu. "Imeshiba."

Niliingiza mkono ndani ya sanduku na nywele zikanisimama. Palikuwa na baridi ya asubuhi ya Bugarama, mlimani kule, saa saba ya mchana, kwenye joto la Bujumbura. Nilikaa sakafuni nikasikiliza ukimya ule. Miaka kumi na tano nimezoea mashine zinazolalamika, sikuwahi kusikia moja imeridhika. Nikasema subhanallah, na nikasema tena.

Sasa, kwetu friji haikabidhiwi bila barafu. Hiyo ni desturi ya karakana zote za mtaa wetu. Unaweka bakuli la maji, unafungua baridi hadi mwisho, na kesho yake mwenye friji anapasua barafu kwa mkono wake mbele ya watu. Vipande wanapewa waliopo, wanavitafuna na kukuombea heri. Ukimpa mtu friji isiyotoa barafu atasema umekula pesa yake. Kwa hiyo niligeuza kitufe hadi mwisho, nikaweka bakuli, nikatangaza ufukweni kote kwamba kesho watu waje.

Jioni hiyo mama alikuja kuiona. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kitenge vizuri, anapumzika kila hatua kumi. Alitia mkono ndani, akafumba macho, akacheka kama msichana. Alipoondoka sikuona kwamba ameacha kichupa kimoja cha dawa nyuma ya bakuli.

Asubuhi barafu ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilimpa mwalimu apasue, wavuvi wakatafuna, mwenzangu akatafuna, mimi nikapiga kelele kama nimemwoza binti. Mama aliinama akatoa kichupa chake. Akakiinua kwenye mwanga, akakitikisa. Dawa ndani haikucheza.

"Fundi," akasema, "hii imekufa."

"Itayeyuka, mama. Weka mu jua kidogo."

"Apana, mwanangu. Hii dawa joto linaiua, na barafu inaiua. Ikishaganda haiponi." Akakifunga kwenye ncha ya kitenge. "Hii ilikuwa wiki tatu zangu. Ndiyo maana nilileta moja. Nilisema, nione kwanza."

Hakuna aliyekuwa anatafuna tena. Wiki tatu za mtu nilikuwa nimezigandisha kwa kutaka sifa, na zingeganda chupa zote sita kama mama asingekuwa na akili kuliko mimi. Niliona aibu hadi miguuni. Nilisema, "Nisamehe, mama."

Siku tatu sikufungua karakana. Niliazima kipimajoto kwa muuguzi mmoja jirani, nikawa nageuza kitufe kidogo kidogo, nasubiri, nasoma, nageuza tena, hadi ndani pakawa na baridi bila kuganda, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu nilivua shati nikaingia majini kukagua bamba. Mimi si mtu wa maji. Nilishika ubavu wa mashua, nikazama hadi shingoni, nikapapasa chini.

Bamba lilikuwa vuguvugu, kama paji la mtoto mwenye homa ndogo. Sentimita chache pembeni yake maji yalikuwa yale yale ya ziwa, hayakujua lolote. Nilihisi joto likitoka juu kule kwenye sanduku la mama, likipita kiganjani mwangu na kwenda zake. Ng'ambo ilisimama milima ya Kongo, nyuma yangu risasi zililia vilimani kama kila siku, na chini ya miguu yangu maji yalishuka hadi mahali ambapo hakuna mtu amewahi kufika. Ziwa lote lile lilikuwa limepokea joto la sanduku la bibi mmoja mgonjwa, bila kuuliza ni wa kabila gani. Nilishindwa kutoka. Mwenzangu aliniita mara mbili, akadhani nimekamatwa na mamba.

Mwalimu na mkewe walipokuja na mizigo yao, mama alifungua kitambaa, akanipa vichupa vitano vilivyobaki.

"Weka we mwenyewe," akasema.

"Mama, mi ndiye niliyeharibu."

"Ndiyo. Kwa hiyo we ndiye hutaharibu tena."

Nikaviweka kimoja kimoja. Tanga likapandishwa, wakaondoka na upepo wa asubuhi, na mwenzangu na mimi tukasimama hadi macho yakauma. Baada ya hapo hatukusikia kitu. Wiki zikapita, miezi mitatu, minne ikafika, muda wa vichupa vitano ukawa umepita, nikaanza kuogopa kuhesabu.

Mwezi wa tano tangu waondoke ulipoanza, alikuja karakanani mwanamke muuza vitenge aliyetoka Kigoma, na friji ya dada yake. Nilimuuliza kuhusu mzee mwalimu na mkewe, mwembamba, anayepumzika kila hatua kumi.

"Yule mama? Nimemuacha sokoni juzi, anagombana na muuza migebuka. Anasema samaki yake ni ya jana."

"Anagombana kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, fundi! Soko lote lilisikia."

Niliweka bisibisi chini, nikakaa juu ya ndoo, na mwenzangu akatoka nje ili nisimuone analia.