Goji kwenye Kikapu cha Kahawa

Goji ni tunda dogo jekundu, huuzwa likiwa limekauka kama zabibu kavu. Ukilitafuna, mwanzoni ni tamu, kisha linakuwa chachu, na mwishoni linaacha uchungu kwenye ulimi. Sikulipenda tangu siku ya kwanza. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyemletea mama kule kijijini Muleba, akitokea kwake Bukoba mjini, pamoja na sifa zake zote: linasafisha macho, linaongeza damu, linashusha sukari, linarudisha ujana. Ilibaki kidogo tu aseme linafufua wafu.

Alimwagiza mama aloweke kwenye chai au achanganye kwenye uji. Mama hakufanya hivyo, maana kwake kitu kizuri cha kutoka mjini hakiliwi kwa kujificha jikoni. Aliyatia matunda hayo kwenye kikapu cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna tunayomkaribishia mgeni, na mwenyeji ndiye anayetangulia kutia mdomoni. Basi kila aliyepita, mama alitafuna naye. Na walipita wengi. Habari za tunda la ujana zilipoenea, majirani waligundua ghafla kwamba wanampenda sana mama.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, akimeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Kliniki nilimpeleka mimi. Safari moja kipimo kilionyesha damu imekuwa nyepesi mno.

"Mama, unatumia dawa za kienyeji?" daktari aliuliza. "Au umebadilisha chakula?"

"Hapana, waitu," mama alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Ni ndizi zilezile na maharage."

Hakusema uongo. Akamwani si chakula wala si dawa, ni heshima ya mgeni. Hata mimi niliyekaa pembeni yake sikuliwaza lile tunda. Wakampunguzia vidonge, tukarudi nyumbani, na wageni wakaendelea kuja.

Alipoanza kutapika damu tulimkimbiza hospitali. Safari hii daktari aliuliza anatafuna nini, nikataja goji. Akatikisa kichwa.

"Hayo matunda na vile vidonge havipatani kabisa."

Mama alisikia. Daktari alipotoka alinishika mkono.

"Mdogo wako asijue. Alileta kwa upendo. Niahidi."

Niliahidi, na nilikasirika. Hata pale kitandani, hofu yake ilikuwa kitinda mimba wake asije akaumia.

Alifariki wiki hiyohiyo. Kwenye matanga, mdogo wangu, sauti imemkauka kwa kulia, aliwaambia wanawake waliomzunguka, "Mimi angalau nilihangaikia afya yake. Wapo waliokaa naye karibu wakawa wanamtazama tu."

Wote wakanigeukia. Maneno yalinifika kooni, machungu, nikayameza. Nikainamisha kichwa mbele yao kama mtu aliyekutwa na hatia.