Uji Juu ya Kioo

Miaka ile ya hamsini, kwenye shamba la maua ya pareto upande wa Bahati, karakana yetu ya vioo ilikuwa banda lililowahi kuwa la kukamulia ng'ombe. Harufu ya maziwa haikuwahi kutoka kwenye zile kuta. Asubuhi ukungu uliingia kabla yetu, ukakaa mezani, nami nikausalimu, maana nilikuwa bado msichana na nilisalimu kila kitu.

Karakana ilikuwa ya memsabu mwenye shamba, mjane, ambaye ndiye alinifundisha kazi. Tulivunja chupa, tukapanga vipande juu ya kigae na kuviingiza kwenye tanuri la matofali. Moto ulivilainisha vikalala, vikashikana, vikawa kitu kimoja. Chini yake tulinyunyiza unga mweupe wa machimbo ya Kariandusi ili kioo kisigandie kigae. Ulikuwa mwepesi ule unga, ukiushika hujui kama umeshika kitu.

Kuyeyusha kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kungoja. Kioo kikiiva hakitaki kushtuliwa na baridi, kitapasuka. Unaziba mlango kwa udongo na kuondoka, mpaka matofali yapoe yenyewe. Mimi, ambaye hata chai sikuingoja ipoe, nilifundishwa subira kwa kukaripiwa.

Mwaka ule macho ya mama yalikuwa yanafunga. Alikuwa mfinyanzi maisha yake yote, na sasa aliona mwanga na rangi kali tu. Uso wangu alikuwa ameshaupoteza. Nyumba yetu kwenye kambi ya wafanyakazi haikuwa na dirisha. Nikaamua nitoboe ukuta, nitie kioo cha buluu, awe anaamka na rangi kabla giza halijamfikia. Nilikusanya chupa za buluu za dawa kwa miezi. Sijawahi kutaka kitu namna ile tena, hata mume.

Siku ya kuchoma, mama alikuja kuota joto la tanuri, na kibuyu chake cha uji. Jua lilikuwa linateremka upande wa Menengai na pareto yote imegeuka dhahabu. Kwenye tundu la tanuri tuliweka kipande kidogo cha majaribio. Kilipolainika ncha, nikajua kioo changu nacho kimeiva. Matofali ya mlango yalikuwa yamepangwa tangu kabla ya moto, nikaenda mtoni kuchota udongo wa kuyaziba.

Niliporudi, matofali yalikuwa chini. Mama alikuwa amesimama mbele ya tanuri akinyunyiza uji kwa tawi la majani. Ndani kioo kilikuwa kinalia, tii, tii.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakusaidia. Chungu hunyweshwa uji kikiwa bado moto, la sivyo kitavuja. Umesahau hata hilo?"

"Hicho si chungu!"

Nilibwaga udongo, nikaketi chini na kulia kwa hasira. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, kana kwamba hilo limewahi kumsaidia mtu. Nilitamani kumfokea mama yangu mzazi, na nadhani ningemfokea, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa bado anatazama mle ndani, shingo ameinyoosha.

"Uliniambia ni cha buluu," alisema. "Si cha buluu. Ni kama kiini cha yai, na kinawaka mpaka kwenye pembe. Nimeziona pembe zote nne, mwanangu." Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yaanze kumsumbua.

Tanuri lilipopoa tulitoa vipande tu, na giza likamfika kabla sijapata chupa nyingine. Lakini kila mgeni aliyeingia kwetu, mama alimsimulia kioo cha binti yake, ung'avu wake, pembe zake. Nami nilikuwa naacha kazi nakuja kusikiliza pamoja na wageni, kwa sababu mimi niliyekitengeneza sikuwahi kukiona kikiwa kizima.