Yatima Mwenye Baba

Niliichukia kampeni ile tangu mwaka wa kwanza nilipopewa kuiendesha. Direkta alitaja sababu zake mbele ya wafanyakazi wote: mimi ni mwanamke, na ninaimba kwaya parokiani, kwa hiyo watu wataona haya kuninyima mchango. Wenzangu walicheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Maman Kolekti, mama wa michango, na jina likanishika kama tope la Bukavu linavyoshika kiatu.

Kampuni yetu ilikuwa ya kupitisha mizigo mpakani. Kila mwaka, kabla ya mwaka wa shule kuisha, wafanyakazi tulichangishwa kusaidia vijana wa shule moja ya ufundi upande wa Nyantende. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, sikuwahi kuipinga. Nilifika kule mara nyingi, nikawaona wakigombania mashine moja ya kushona, wakibishana juu ya bawaba za mlango kana kwamba ni siasa. Shida ilikuwa ofisini. Nikiingia chumba fulani, mazungumzo yanakatika. Mtu aliyekuwa anacheka anaanza kutafuta kitu kwenye droo. Mwenzangu mmoja wa forodha, mtu niliyekula naye miaka, aliniambia bila kunitazama:

"Kwangu mule nyumbani iko batoto bananingoja. Wale nani atawakusanyia? Wewe?"

"Si mimi niliamua, papa."

"Lakini ni wewe unabisha mulango."

Nilitoka nikiwa na hasira naye, na hasira zaidi na direkta, ambaye hakuwahi kubisha mlango wa mtu hata mmoja.

Kisha ukaja mwaka wa afishi, matangazo ya kubandika ukutani. Kampuni ilikuwa imeajiri shefu mpya wa mawasiliano, kijana mwenye suruali za kubana na simu mbili, na yeye alisema michango haiingii kwa sababu watu hawaoni huruma. Tukaenda wote Nyantende na mpiga picha. Katika karakana ya vyuma kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akichomelea dirisha. Alipotuona aliinua kinyago chake juu ya kichwa na kucheka, meno yote nje, uso umejaa masizi. Tulimpiga picha hiyo. Muda si mrefu moshi ukamwingia jichoni, akajifuta kwa mgongo wa mkono, na mpiga picha akabonyeza tena.

Niliandika maneno mafupi ya kuwekwa chini ya picha ya kicheko: kwamba msichana huyu anatengeneza madirisha ya nyumba za watu, tumsaidie amalize shule. Afishi zilipotoka kwa mchapishaji, kicheko hakikuwepo. Ilikuwapo ile picha ya moshi, imekuzwa, na msichana alionekana analia. Juu yake, kwa herufi nyekundu: YATIMA. BILA WEWE HANA MTU.

Nilimfuata shefu mezani kwake. "Huyu mutoto iko na baba na mama. Ameniambia mwenyewe."

"Maman, kucheka haileti kitu."

"Nasema wazazi wake wako wazima!"

"Nani anaenda Nyantende kuuliza?" akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nilipanda kwa direkta. Direkta aliniambia nisiharibu kazi ya shefu yule kwa wivu. Jioni hiyohiyo afishi zilikuwa zimekwisha kubandikwa kwenye ofisi za wateja wetu, kwenye kituo cha mafuta Nyawera, na kwenye ukuta karibu na soko la Kadutu.

Baba yake alikuja asubuhi yenye mvua. Mlinzi alinipigia kutoka langoni: "Maman Kolekti, uko na mugeni, na haiko na sura ya muzuri." Nilimkuta amesimama nje ya kibanda ingawa ndani palikuwa pakavu. Koti lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni, na buti zake zilikuwa na udongo wa shambani. Nilimwamkia kwa Mashi, lugha ya kwao.

"Ni wewe unakusanyaka ku jina ya mutoto wangu?"

"Ni mimi, papa."

"Basi uniambie. Nilikufa siku gani?"

Akaeleza kwa sauti ya chini, meno yamekazwa. Mwanamke wa jirani aliyekuja kuuza ndizi Kadutu ndiye aliyeiona picha. Akarudi nayo mdomoni. Sasa watu walikuwa wakipita uani kwake kumpa pole ya kifo chake mwenyewe na kucheka. Mama wa msichana hakwenda tena kisimani saa ambazo wenzake wako pale. Na shuleni msichana alikuwa akiitwa Yatima, mpaka akavua ovaroli na kukaa nyumbani.

Nilimpeleka kwa direkta. Direkta alimsikiliza akitabasamu, akaagiza aletewe fulana ya kampuni na gunia la mchele.

Mzee akalitazama lile gunia. "Nani anapelekea mufu muchele?"

"Papa, tunamusomesha mutoto wako. Ungefurahi," direkta akasema.

"Sikukuja kuomba chakula. Nataka munitoe ku ukuta. Na uje Nyantende, wewe mwenyewe, useme mbele ya batu kama mulidanganya."

Tabasamu la direkta likaisha. "Mimi, nije kule kuomba musamaha? Wateja wakisikia watasema nini?" Akanigeukia mimi. "Umutoe huyu muzee mu ofisi yangu."

Nilimtoa. Lakini nilitoka naye mpaka barabarani, na sikurudi kazini siku ile. Tulizunguka mjini kwenye mvua, yeye mbele, mimi nyuma, tukibandua afishi. Nilipompa mwavuli aliupita kana kwamba sikunyoosha mkono. Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alitukatalia, akasema ukuta ule umelipiwa. Mzee hakubishana. Alichomeka kucha zake chini ya karatasi na kuivuta kwa nguvu, ikachanika katikati ya uso wa binti yake. Watu wakakusanyika.

"Muzee, unapasulia yatima picha? Hauna roho?"

"Mimi ndiye baba yake," akasema. "Ule munasema alikufa."

Hakuna aliyecheka. Mhudumu alinisukuma begani, nami nikamsukuma. Nilikuwa na hamu ya kupiga mtu, na ningempiga yeye kama mzee asingekuwa ameshaanza kupanda kuelekea Kadutu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Nyantende peke yangu. Mkuu wa shule aliniruhusu kusema wakati wanafunzi wamepanga mistari asubuhi. Nilisema kampuni yetu ilisema uongo, kwamba wazazi wa msichana yule wako hai, na kwamba yeyote atakayemwita lile jina anarudia uongo wetu. Baba na binti walikuwa wamesimama kando ya karakana. Nilipomaliza nilikwenda kwao. Msichana alikuwa na macho makavu.

"Maman, ulisema vizuri," akaniambia. "Lakini barua yenu ya kunilipia masomo mwaka ujao musiitume. Sitaki kitu chenu."

"Utasoma namna gani?"

"Nitaangalia."

Baba yake akamshika mkono wakaondoka.

Ofisini habari zilifika kabla yangu. Direkta aliniondoa kwenye kampeni na kunipeleka chumba cha faktura, kuandika hati za malipo, mwisho wa korido. Kampeni ilipewa shefu wa mawasiliano, na mwaka uliofuata kulikuwa na uso mwingine ukutani, na neno lilelile jekundu. Wenzangu hawakunipongeza. Yule wa forodha alisema tu kwamba nimejitafutia. Nililipigania jambo lile tena katika mikutano miwili, nikapigiwa kelele, na kwenye wa tatu sikualikwa.

Msichana aliacha shule ile. Akajifunza kwa fundi mmoja wa vyuma upande wa mtaa wa Essence, na nimesikia kwa watu kwamba sasa ana wateja wake mwenyewe. Sijawahi kwenda kumwona. Naogopa atakavyonitazama.

Baba yake nilikutana naye mwaka huu, sokoni, amekaa nyuma ya gunia la maharagi mekundu. Nilisimama, nikamsalimia, nikamwomba anipimie.

Akainua macho. Alinijua.

"Haziuzwe," akasema.

Kando yangu mwanamke mwingine akanyoosha kikapu chake. Mzee akachukua kipimo, akakijaza mpaka kikafurika, akamtilia.